Amelala, Mwana wa Watu

Kalamu ya kidijitali ilipoletwa wodini kwetu, wengi tuliitukana. Ukiandika "analia" mbiombio, yenyewe inasoma "analala", halafu eti kosa ni mwandiko wako! Nesi tuliyemwita Taratibu hakugombana nayo. Aliitelezesha juu ya kioo cha tableti kama anayembembeleza mtoto mgongoni, na ripoti zake za usiku zote ziliishia hivi: "Amelala, mwana wa watu."

Daktari alimjia juu. "Dada, hiyo si lugha ya faili la mgonjwa."

"Basi ifute wewe," alimjibu. Daktari hakuifuta.

Taratibu akastaafu. Miaka ikapita, akarudi na homa, safari hii kitandani, karibu na dirisha. Pazia lilijaa upepo na kunywea kama linalopumua, naye akaelea kati ya kuota na kuwa macho, akiitabasamia dari. Zamu ilikuwa yangu. Nilimshika mkono mpaka usingizi ulipomchukua, kisha nikaokota kalamu ile ile iliyonitesa, nikaandika: "Amelala".

Kabla sijainua mkono, maneno yakajitokeza yenyewe baada ya neno langu, ya kijivu, hafifu kama ukungu. Tableti ilikuwa imemzoea, ikadhani ni yeye anayeandika: "mwana wa watu".

Naichukia mashine ile mpaka kesho. Lakini niliyagusa maneno yale, yakakolea. Chozi likanidondoka juu ya kioo, nayo, kwa ujinga wake, ikalisoma kuwa nukta.