Kupe wa Miaka Mitano

Maduhu Masele, mhadhiri wa siasa katika chuo kimoja kidogo cha mjini Shinyanga, hakuwa mtu wa kuogopa dharau, maana alikuwa ameizoea tangu utotoni. Kijijini kwao, nyuma ya Mhunze wilayani Kishapu, walimdharau kwa sababu hakuweza kuswaga ng'ombe bila kupoteza ndama. Nyarugusu, alikokwenda kusaka dhahabu alipobalehe, walimdharau zaidi. Kila mawe yalipogawanywa, yeye alisimama kumuuliza mwenye shimo kwa nini aliyeshuka chini anapata kiroba kimoja na aliyelala kivulini anapata vinane. Mwishowe mwenye shimo alichoka. "Nenda kasome," alimwambia, "maana wewe kazi yako ni mdomo." Maduhu akaenda kusoma kweli. Wapo watu wa namna hiyo, unawatukana wao wanaona umewashauri.

Alisoma mpaka akawa daktari wa siasa, akaoa, akapata watoto, akaota kitambi cha wastani. Katika miaka yote hiyo aliandika makala moja tu aliyoipenda kwa moyo wake wote. Aliiita "Kupe wa Kishapu". Msukuma yeyote aliyesoma shule ya msingi miaka ile ya Ujamaa anajua kupe ni nani. Ni yule mdudu wa ng'ombe, ndiyo, lakini redioni na darasani alikuwa pia mtu anayeishi kwa jasho la wenzake, bwana mwenye mirija. Makala ilihusu waheshimiwa wa ukanda wa pamba, na Maduhu hakuwaonea haya. Kupe huyu, aliandika, hupotea kwa miaka minne na ushee. Mwaka wa tano hujitokeza akiwa mwembamba na mwenye adabu, hukaa kando ya njia akipunga mikono, hujishikiza kwa mwenyeji wa kwanza anayepita, kisha hunyonya mpaka hatambuliki tena na waliomjua.

Aliiandika kwa ajili ya baba yake, mkulima wa pamba aliyefariki bila mtu kumwomba radhi. Hakutaka makala impe cheo. Alitaka mtu mmoja tu, popote duniani, aisome mpaka mwisho na aelewe. Kwa mtu mzima mwenye shahada tatu hayo hayakuwa matakwa makubwa, na hata hivyo kwa mwaka mzima hakutokea hata mmoja. Rafiki zake waliisifia jalada.

Sasa jarida la chuo lilidai muhtasari wa Kiingereza, na kazi hiyo alipewa Davis, mhariri, kijana mwangalifu mno aliyekulia ghorofani Dar es Salaam na aliyeamini kwamba kila neno lina mwenzake ng'ambo ya pili. Kupe akamfanya mdudu. Wenyeji wa Kishapu, yaani watu wa pale, akawafanya wenyeji kwa maana ya wataalamu wa wadudu, yaani wanyama wanaobeba mdudu mwilini. Kupunga mikono akakuacha kama kulivyo. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kupe halisi, kama hujui, hupanda kwenye jani, huinua miguu ya mbele na kuipunga hewani akingoja mnyama apite. Wanabiolojia waliposoma muhtasari ule hawakuona mzaha hata kidogo. Waliona mwenzao aliyefanya kazi safi porini, akagundua kupe anayefunga kula kwa miaka mitano.

Wa kwanza kumnukuu alikuwa mtu wa Brazili. Wakafuata Wajapani wawili waliobishana kama mdudu huyo hujificha ardhini au kwenye viota. Halafu mtafiti mmoja wa kike wa Uholanzi akaandika makala tatu mfululizo zilizompa uprofesa, na katika ya tatu akampa mdudu jina rasmi la kisayansi lenye Masele ndani yake. Hakuna aliyekuwa amemshika. Walisema ugumu wa kumpata unathibitisha tabia yake.

Dk. Bhoke, mkuu wa chuo, Mkurya asiyejua kunong'ona, alimwita Maduhu ofisini.

"Daktari, wewe katika siasa umenukuliwa mara ngapi?"

"Sijanukuliwa, Mkuu."

"Na katika biolojia umenukuliwa kuliko chuo kizima tangu kijengwe. Kwa nini ulinificha kwamba unajua wadudu?"

"Mkuu, mimi sijui wadudu. Yule ni mtu. Ni diwani."

Dk. Bhoke alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu aliyeanza kuweweseka. "Unyenyekevu ni mzuri," alisema, "lakini usizidishe. Yule profesa anakuja. Utampeleka Kishapu, utamkalimania, na akiridhika nakupandisha cheo. Na tafadhali, habari za diwani ziache hapa hapa ofisini."

Nyumbani hakupata faraja. Mkewe Euphrasia, mwenyeji wa Ushirombo, alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, na tangu habari hizi zianze alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

"Baba Ritha, kupe ana miguu minane. Mheshimiwa wako ulimhesabu?"

"Mama Ritha, niache."

"Mimi nimefundisha viumbe miaka yote hii hakuna aliyeninukuu hata kwenye kikao cha wazazi. Wewe uliyekuwa ukipoteza ndama, mdudu amepewa jina lako."

Alimwacha, lakini baadaye alimwuliza kwa upole kama ataweza kusema ukweli mbele ya watu. Maduhu akasema ataweza. Alimaanisha hivyo. Aliona kwamba akinyamaza tena, baba yake atabaki mdudu milele, au chakula cha mdudu, na yeye ndiye atakayekuwa amesaini.

Profesa alifika na mabuti, na chandarua cha kunasia, na vichupa vingi vyenye vizibo vyekundu. Alikuwa mama mrefu, mkimya, mwenye mvi fupi. Kabla hawajafika Mhunze watoto wa njiani walikwisha kumpa jina, Mama Kupe, naye akawa anaitikia. Maduhu alijaribu kumweleza garini kwa Kiingereza. Mama Kupe alitazama nje dirishani akauliza yale mashamba yamelimwa nini. Pamba, akajibiwa, na mazungumzo yakafia hapo.

Mkutano ulikuwa uwanjani, karibu na ghala la pamba. Watu walijaa, maana walikuwa wamesikia kuna dawa ya mifugo. Kwenye meza ya mbele alikaa mheshimiwa diwani mwenyewe, Charles Ngusa, ambaye kabla ya siasa alikuwa mpimaji wa pamba kwenye ghala lile lile. Ndiye aliyekuwa katika kila ukurasa wa makala ya Maduhu, ingawa bila jina. Alimkumbatia Maduhu kwa furaha, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, profesa wetu. Umetutangaza. Hata mimi nikienda vikao vya wilaya najisifia kupe wako."

Mama Kupe akasimama, akauliza swali lake kwa Kiingereza, na Maduhu akalipeleka kwa watu kama lilivyokuwa. "Mgeni anauliza, kuna mtu amewahi kumwona kupe anayepotea miaka mitano, halafu anarudi amekonda, anapunga mikono barabarani?"

Mama mmoja mtu mzima, Scolastika, akainua mkono.

"Huyo tunamjua. Msimu uliopita alipita kwangu, akanibebea mjukuu ili apigwe picha."

"Kwangu alikula mbuzi," alisema mwingine.

"Akishashiba hapokei simu."

"Ukimkuta mjini anapandisha kioo."

Vicheko vilianza nyuma vikasogea mbele. Diwani naye alicheka, tena kuliko wote, akasimama akasema kwamba hata yeye amewahi kusumbuliwa sana na kupe huyo, na akichaguliwa tena atahakikisha kila kijiji kina josho la kumwogeshea. Watu walimpigia makofi mpaka vumbi likainuka. Hakukuwa na mtu uwanjani asiyejua kinachosemwa, isipokuwa, kwa hesabu za Maduhu, mgeni mwenye vichupa.

Maduhu akageuka kumkalimania mgeni. Alimwambia yote kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Kwamba si mdudu. Kwamba hakuwahi kuwa mdudu. Kwamba ni yule bwana mwenye koti la bluu anayepigiwa makofi, na kwamba makala zote za Ulaya na Brazili na Japani zimejengwa juu ya kosa la Davis. Alipomaliza aliona wepesi kifuani, akajua cheo kimekwenda, na hakujali.

Mama Kupe hakushtuka. Aliinama akajifanya anafunga kamba za buti, akasema polepole, kwa Kiswahili cha kujifunzia kwenye kamusi, "Baba alipanda gunia kwa mizani. Gunia zito likawa jepesi. Baba akaomba msamaha kwa gunia lake."

Maduhu aliyatambua. Yalikuwa maneno yake ya ukurasa wa mwisho, yamepinda kidogo tu. Ndivyo ilivyokuwa: Masele mzee, kofia mkononi, akimwomba radhi kijana Charles kwa sababu gunia alilolijaza mwenyewe lilionekana pungufu kwenye mizani.

"Nilijifunza lugha baada ya makala ya tatu," mgeni aliendelea, sasa kwa Kiingereza. "Nilitaka kusoma kazi yako yote, si muhtasari. Nilifika mwisho nikalia. Lakini nilikuwa nimekwisha kupewa uprofesa kwa ajili ya huyu mdudu. Nina wanafunzi sita wanaomsomea. Dr. Masele, nikisema hayupo, sita hao nitawapeleka wapi?"

Maduhu alitafuta hasira akaikosa. Mtu mmoja alikuwa ameisoma mpaka mwisho na akaelewa, na mtu huyo ndiye pekee ambaye asingeweza kumwambia mtu mwingine yeyote. Angeweza kumfichua pale pale. Alimtazama mikono, ilivyoshindwa kufunga kamba, akaona naye amejishikiza mahali asipoweza kubanduka.

"Daktari," diwani aliita kutoka mezani, "mgeni anasema nini? Kupe yupo au hayupo?"

Uwanja mzima ulimgeukia. Maduhu akawajibu.

"Anasema yupo."

"Hilo tumemwambia sisi," alisema Scolastika.

Diwani akaanza makofi. Maduhu naye akapiga, pamoja na wote, akiwa na furaha kubwa kuliko aliyowahi kuipata maishani, na alimwonea haya baba yake kwa kuwa nayo.