Maharage ya Milimani, Moto wa Porini

Leo nikimuona musichana anaweka maharage motoni, anatupa chumvi palepale, anamwaga maji baridi kila yakikauka, halafu saa sita analalamika eti maharage ya siku hizi ni mawe, miye ninageuka upande mwingine ili nisimutukane. Chumvi inaingia mwisho, jamani! Na maji ya kuongeza yanatakiwa yawe ya moto. Unachukua chungu kidogo, unakijaza maji, unakikalisha juu ya kile kikubwa kama kifuniko. Muvuke wa chini unapasha maji ya juu. Maharage yakikauka unamimina yale ya juu, na chakula hakishtuki. Ni kitu kirahisi hivyo. Lakini siku nilipofundishwa nilikuwa tayari muke wa mutu, na nilifundishwa nikilia.

Nilizaliwa juu ya Nyabiondo, upande wa Masisi, kwa walimaji wa maharage. Kwetu kulikuwa kilimo, kanisa na baridi. Nikaolewa chini, Walikale, kwa watu wa pori, miaka michache nyuma ya vita ya Wazungu kuisha. Ilikuwa siku tatu kwa miguu, kuteremka tu, magoti yanatetemeka. Kichwani nilibeba kikapu cha maharage, kwa sababu Mama alisikia kwamba kule wanakula muhogo na ndizi peke yake, akaogopa nitakufa.

Sikufa. Nilimukuta mama-mukwe wangu.

Alikuwa mujane, mufupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Sijaona mupishi kama yeye mpaka leo, na nimekula kwa watu wengi, hata kwenye jiko la misheni. Muhogo wa kwao ni muchungu, ule wa kuua mutu ukikosea, kwa hiyo unalowekwa kijitoni siku tatu ao nne mpaka ulainike. Wanawake wengine walikuwa wanautoa, wanaukata, wanauonja kwa ncha ya ulimi. Yeye alikuwa anaingiza mukono ndani ya maji huku anaongea na jirani habari za kuku, anabinya muhogo mumoja bila kuuangalia, anasema, "Bado, mpaka kesho." Na ilikuwa kweli bado mpaka kesho. Sombe, yale majani ya muhogo, alikuwa anaichemsha bila kuifunika kwanza, uchungu wa majani utoke na muvuke, na mafuta ya mawese anayatia mwisho kabisa. Miye nilikuwa ninakaa pembeni na maswali yangu tele, siulizi hata moja, mudomo wazi.

Lakini maajabu yenyewe yalikuwa masikio yake. Alikuwa anakaa barazani, amegeuzia jiko mugongo, anachambua mboga ya lengalenga. Chungu kiko ndani, kimefunikwa. Ghafula anasema, "Ongeza maji, kinakaukiwa." Ninakimbia, ninafunua: Mungu wangu! Maji yamebaki ya kidole kimoja. Siku ya kwanza nilisema ni bahati. Siku ya kumi nilianza kuingia jikoni mwake kwa heshima ile unayoingia nayo kanisani, unapunguza hatua.

Sasa, kule, muke mugeni anapika jikoni kwa mama-mukwe wake mpaka apewe mafiga yake mwenyewe. Yale mawe matatu ya kukalisha chungu, bwana yako ndiye anayatoa mutoni na kuyapanga kwa mukono wake. Mbele ya hapo, unaweza kuchota maji, kutwanga, kukata, kupuliza moto mpaka macho yawe mekundu. Chungu si chako. Chakula kinachoivia juu ya mafiga ya mama-mukwe ni chakula cha mama-mukwe. Na bwana yangu hakuwako. Wabelgiji walikuwa wamemuchukua kwa kazi ya barabara, na hakuna aliyejua atarudi mwezi gani.

Hiyo haikunisumbua kitu. Kuwa mukono wa mupishi kama yule, nani angelalamika? Ilianza kunisumbua siku ile mupita njia mumoja kutoka milimani aliposimama kwenye uwanja wetu na kusema Papa yangu ametoka nyumbani, anakuja kunisalimia, muda wa siku mbili atafika.

Nilipiga kigelegele. Halafu kigelegele kikanikauka mudomoni.

Kwetu, baba ya musichana haweki mudomoni chakula cha chungu cha mama-mukwe wa binti yake, mpaka mujukuu wa kwanza azaliwe. Hata maji ya kunywa anabeba yake. Kwa moto wa binti yake mwenyewe, sawa, anakula mpaka anashiba. Papa alikuwa mutu wa dini, alikuwa anaongoza sala kanisani siku padri hayuko, lakini desturi hiyo hakuiacha, na asingeiacha hata kwa kupigwa. Na kifua chake kilikuwa kimeanza kumusumbua. Atatembea siku tatu, atakaa kwenye uwanja wangu akinusa chakula, atasema, "Aksanti, nimeshiba," kisha ataanza kupanda milima na tumbo tupu. Na atajua binti yake hana hata mahali pa kumuchemshia kiazi. Ee Mama wee! Nililia nikiwa nimeshika mutwangio mukononi.

Mama-mukwe aliniuliza ni nini. Nikamuambia yote. Aliendelea kukunja majani. Kisha akasema: "Yale maharage yenu yamebaki?"

"Bakuli mbili tu, Mama."

"Pika moja kesho, nione."

Basi! Nilioga, nikasali, nikaamka na jogoo. Nilijua kupika maharage, hakuna ambaye angenidanganya kwa maharage. Kwetu juu, kwenye baridi ile, maharage ni kichwa ngumu. Unaweka asubuhi, jua linapinda, bado yanagonga meno. Ndiyo maana tunatumia majivu ya maganda ya ndizi: unayaweka ndani ya kibuyu chenye matundu, unapitisha maji, yanatoka maji ya rangi ya chai yanayowasha ulimi. Unatia kikombe kimoja chunguni na maharage yanalegea. Kila mutoto wa kike wa kwetu anayajua hayo mbele ya kujua kufunga kitambaa cha kichwa. Nilitia kikombe changu, nikachochea moto mukubwa kama wa nyumbani, nikaenda mutoni kuchota maji, nikajisikia muke kamili.

Niliporudi nikafunua chungu. Uji! Uji wa maharage, jamani, mweusi, umenata, unapumua poo, poo, na maganda yanaelea juu yake. Hakukuwa hata punje moja nzima ya kumuonyesha mutu kwamba hii kitu ilikuwa maharage.

Mama-mukwe alikuja, akatia kidole, akaonja. Akatema pembeni.

"Umetia nini?"

"Majivu, Mama. Ya maganda ya ndizi. Kikombe kimoja."

Akaanza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumusikia anacheka hivyo. Alishika mulango asianguke. "Weye ni wa nne!" akasema. "Wanawake wote wanaoshuka kutoka milimani wanafanya hivi. Wote! Wanakuja na majivu yao. Binti, huku maharage yanaiva bila kubembelezwa. Moto wa kwenu unapigana na baridi, maji yanaruka lakini hayana nguvu. Huku chini maji yakichemka yamechemka kweli. Weka maharage, toa mukono."

Yeye hakuwa amepanda mulima hata mumoja maisha yake yote. Alijua maji ya kwetu yanavyochemka kuliko miye niliyeyachemsha tangu utoto.

Kwa aibu nilitaka kumwaga ule uji. Alinizuia. Alisema tuponde humo ndizi mbivu mbili, tufunge kwenye majani ya mugomba, tuoke kwenye makaa. Tulikula, na ilikuwa tamu, hasira ikazidi kunipanda.

Ilibaki bakuli moja, na Papa alikuwa anafika siku ile iliyofuata.

Asubuhi yake niliingia jikoni, nikakuta mama-mukwe ametoa chungu chake juu ya mafiga. Alikuwa amefagia majivu yote, moto umewashwa upya, mudogo, na mafiga yamepanguswa. Alikuwa anatoka nje na kiti chake.

"Haya," akasema. "Hayo mafiga ni yako."

Nikafikiri ameniazima kwa siku ile. Nilipiga magoti, nikasema aksanti mara tatu, na furaha ikanifunga akili kama kitambaa machoni. Sikuuliza chochote zaidi.

Alikaa nje ya mulango, mugongo kwangu, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja. "Mikono yangu haiko," akasema. "Papa yako akiuliza, usije ukasema uongo. Miye nina masikio tu."

Akaanza kunifundisha hivyo, bila kugeuka hata mara moja. Nilitia maharage na maji, nikakalisha kile chungu kidogo juu. Moto ulipokamata, yalianza kugonga pembeni ya chungu, ko-ko-ko.

"Unasikia? Hayo bado ni mabichi. Yanagonga mulango."

"Ninasikia, Mama."

Nyuma ya muda fulani ile ko-ko ikapungua, ikawa sauti nzito, bu-bu-bu.

"Sasa yamekunywa. Mimina yale ya juu, nusu. Toa kuni moja."

Nilimimina, nikatoa kuni. Nilianza kusikia mwenyewe! Ninaapa, nilisikia chungu kama vile mutu anavyosikia lugha aliyoisikia miezi mingi bila kuielewa, halafu siku moja neno likaingia. Machozi yalinitoka, na si kwa moshi. Halafu kukawa kimya, muvuke peke yake unasukuma, fuu, fuu.

"Chumvi," alisema yeye, na mukono wangu ulikuwa tayari kwenye chumvi. Nadhani alisikia hata hilo, maana alicheka kidogo.

Mawese niliyapasha pembeni mpaka harufu yake ikabadilika, ile ya ubichi ikaisha. Nikatupa kitunguu, nikamimina juu ya maharage, nikaacha makaa yamalize kazi. Punje zilikuwa nzima, zinang'aa, na ukibinya moja kwa midomo inayeyuka. Na ugali wa muhogo niliusonga mwenyewe.

Papa alifika saa tisa, amebeba kibuyu chake cha maji, amekonda kuliko nilivyomuacha. Tulisalimiana, tukalia kidogo. Nikaleta chakula, nikakiweka mbele yake. Alikiangalia. Njaa niliiona inamupanda shingoni. Lakini mikono yake ilibaki juu ya magoti.

"Umepika weye?"

"Miye, Papa. Hakuna mukono mwingine ulioingia."

"Juu ya moto wa nani?"

Hapo nikakwama. Kama mafiga yameazimwa, si yangu.

Mama-mukwe alikuwa amesimama mbali, pembeni ya nyumba, uso ameugeuza kwa heshima ya mukwe wake. "Ni wake," akasema. "Nimetoa mafiga yangu asubuhi hii. Ni yake."

Papa aliinuka. Aliinuka polepole, na kifua chake kile, akavua kofia, akabaki amesimama kichwa wazi mbele ya yule mwanamuke ambaye hakuruhusiwa hata kumuangalia usoni. Papa yangu hakuwa mutu wa kuvua kofia ovyo. Alisali akiwa amesimama, sala ndefu, akamuombea yeye maisha. Kisha akakaa, akanawa, akala. Akaongezwa. Akaongezwa tena.

Nilipokuwa ninaondoa sahani nikamuuliza chini chini: "Papa, kofia ilikuwa ya nini?"

Aliniangalia kama mutu anayemuhurumia mutoto. "Haukujua? Mwanamuke anamuachia mwingine mafiga yake mara moja tu maishani, siku ile mikono yake imechoka, hawezi tena. Kwetu na kwao ni hivyo hivyo. Akishayatoa hapiki tena, binti yangu. Anakula kwa mukono wa mwingine mpaka kufa kwake."

Mikono ile ilikuwa haijachoka! Ingeweza kupika miaka ishirini mingine. Nilisimama na sahani. Nilikuwa nimeomba moto wa kumupikia baba yangu mara moja, na yeye alikuwa amenipa kitu ambacho alikijua kuliko mutu yeyote niliyemuona chini ya jua.

Nilipogeuka, alikuwa kwenye mulango wa jiko. Hakuingia. Alisimama nje, pale pale nilipokuwa ninasimama miye kusubiri kugawiwa kila siku ya miezi yote ile, na ameshika bakuli tupu kwa mikono miwili.

"Na miye nigawie, Mama," akasema.

Nilimupakulia. Nilijaza mpaka juu kabisa, hata muchuzi ukamumwagikia kwenye kidole. Yeye, aliyekuwa anasikia kosa la chungu akiwa barazani, alilamba kidole tu. Alikaa chini, akala.