Blanketi la Vipande la Mama Sonia

Habari kwamba Sonia amechaguliwa chuo cha uuguzi Njombe zilifika Likombe, mjini Mtwara, mchana, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unazo. Mama yake, Deolinda, hakuweza kukaa cherehanini siku ile. Yeye alivushwa mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mgongoni mwa mama yake, akajifunza ushonaji kwa kufumua nguo za wateja wa fundi mmoja wa mtaa wa Rahaleo. Leo ntoto wake anakwenda kuvaa sare nyeupe!

Aliyempunguzia raha kidogo ni jirani yake, Mwalimu Raheli, mzaliwa wa Makete, mkoa huohuo wa Njombe.

"Mama Sonia, blanketi unalo?"

"Kuna shuka mbili, mpya kabisa."

Raheli alicheka mpaka akashika kiuno. "Shuka! Kule mwezi wa sita ukinawa uso ni kama umezabwa kofi. Mtoto atalala na viatu."

Kwa joto la Mtwara, nani anaweka blanketi zito? Nyumbani kwa Deolinda lilikuwepo moja, kuukuu, panya wamelitoboa katikati. Ila vipande vya nguo vilijaa viroba chini ya meza yake: mabaki ya vitenge, ya sare za shule, ya satini za maharusi. Akavimwaga mkekani, akaanza kuviunga kimoja kimoja. Blanketi lile kuukuu angeliweka katikati, kaki ya sare iwe upande wa chini.

Upande wa juu ulipokamilika akauloweka kutoa vumbi. Alipouinua, kitenge chekundu kilikuwa kimechuja rangi, na satini yote nyeupe imegeuka waridi. Deolinda alikaa chini akalitazama beseni kama mtu aliyefiwa.

"Si uache, nke wangu?" mumewe Jeronimo alimwambia. "Tutatafuta la dukani."

"La dukani kila mtu analo."

Akakifumua kile chekundu akakitupa. Satini akaisugua kwa sabuni na ndimu, rangi haikutoka. Basi akaihamishia yote pembeni, ikazunguka pande nne kama pindo lililokusudiwa tangu mwanzo. Ikapendeza kuliko alivyowaza.

Kazi ikabaki kushikiza tabaka tatu pamoja. Cherehani ilivunja sindano, akaweka nyingine, nayo ikavunjika. Jeronimo alitoka, akarudi na uzi wa nyavu na sindano nene. Deolinda akashona kwa mkono hadi vidole vikavimba, akawa anamenya mihogo kwa shida.

Sonia alilitazama lilipokwisha, akainama. "Mama, wenzangu watakuja na ya kununua. Watasema nimebeba matambara."

Neno lile lilimchoma, lakini hakugomba. "Libebe. Likikuaibisha nitarudi nalo mwenyewe, maana nakusindikiza hadi chuoni."

Waliingia Njombe kwa mvua nyembamba na ukungu. Deolinda alikuwa amejifunga kanga tatu na bado meno yalikuwa yakigongana. Bwenini walikuta wasichana wawili wamejikunyata vitandani. Sonia alisitasita na begi lake, kisha baridi ikamshinda. Akalivuta blanketi, akalitandaza.

Chumba kizima kilibadilika. Msichana mmoja, Upendo, aliruka kutoka kitandani kwake.

"Jamani, hili mmelinunua wapi?"

Deolinda alisimama mlangoni, akamtazama binti yake. Sonia aligusa pindo la waridi, kidevu kikainuka.

"Halinunuliwi. Mama yangu kashona. Njoo uone: hiki ni kitambaa cha kwaya ya kanisani kwetu. Hiki gauni la shangazi alipoolewa. Hii sare yangu ya darasa la kwanza."

"Na mishono hii yote? Kwa sindano ya mkono?"

"Kwa sindano, na uzi wa kutengenezea nyavu. Fundi mwenyewe huyo hapo."

Wasichana wakamgeukia, wakamwamkia kwa pamoja. Upendo alikuwa tayari ameingiza miguu chini ya blanketi, mwingine anafuata, Sonia anacheka katikati yao. Deolinda alizisahau kanga zake tatu. Akasogea kitandani, akalivuta blanketi kwa nguvu pande zote mbili.

"Pembeni nimepitisha uzi mara mbili," alisema. "Gombanieni mpendavyo, wanangu, halichaniki hili."