Sindano Ndani ya Odowa

Siku moja inanirudia kuliko nyingine zote, mwanangu, na leo nakuandikia. Nilikuwa mjamzito. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, kwa hiyo hata kukohoa nilikuwa nakohoa kwa woga. Kazi yangu ilikuwa kuuza odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito wa huku kwetu hutafuna. Niliyatoa machimboni upande wa Homa Bay nikayauza sokoni Migori, na katikati ya kuuza nikawa nayala. Nani angeniambia niache? Mama yangu alikula, na mama yake alikula.

Shemeji yangu Ouma, mdogo wa mume wangu, alikuwa chuo kikuu akisomea vitu vidogo sana. Likizo moja alichukua jiwe langu akaenda nalo. Aliporudi alinifuata jikoni na kompyuta yake.

“Shem, kaa kwanza.”

“Nikae na ugali uko motoni? Sema.”

Akanionyesha picha. Mwanangu, niliona sindano. Sindano nyeusi zimelala hovyo, kama dagaa omena walioanikwa na mtu mvivu.

Alinieleza, na mimi nilikomea darasa la saba, kwa hiyo nikikosea nisamehe. Jiwe lilisagwa, likakorogwa kwenye maji, tone moja likakaushwa juu ya wavu wa shaba usiozidi punje ya mtama. Wavu ukaingizwa ndani ya hadubini ya elektroni, mtambo mrefu ulionyonywa hewa yote. Miali ya elektroni hupita katikati ya kitu chenyewe, ndiyo maana lazima kiwe chembamba mno, na tunachokiona upande wa pili ni kivuli chake. Sindano zile, alisema, mamia kwa mamia zingelala ubavu kwa ubavu kwenye upana wa unywele mmoja.

“Ni nini hizi?”

“Huenda ni udongo tu. Kuna udongo unaojikunja hivyo. Lakini kuna na nyuzi za mawe zinazoharibu mapafu, na kwa picha peke yake zinafanana. Bado sijui.”

“Umetoka huko kote kuja kuniambia hujui?”

“Ningenyamaza ungenilaumu, shem.”

Alisema kweli, na sikumlaumu. Lakini niliweka mkono tumboni nikawaza zile mimba mbili. Je, ni mimi niliyezidunga kwa mkono wangu mwenyewe?

Asubuhi nilifunga kitambaa kichwani nikaondoka mbio kwenda sokoni, niwapigie kelele wanawake wote wateme sumu. Mama mkwe akanidaka langoni.

“Nyar Gwassi!” Aliniita hivyo, binti wa Gwassi, kwa kuwa ndiko nilikotoka. “Unakimbia wapi na tumbo hilo?”

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. “Ouma amesema ni sumu?”

“Amesema hajui.”

“Basi wewe umejulia wapi?”

“Kwa hiyo ninyamaze, mama? Watu waendelee kula?”

“Nani amekuambia unyamaze? Mficha uchi hazai. Nenda useme. Lakini sema kile Ouma alikuambia, usikiongezee chumvi wala usikipunguze. Ukiita sumu kitu ambacho si sumu, siku ya sumu yenyewe utaita nani?” Kisha akanitazama mdomoni. “Na hiyo unayotafuna, teme kwanza.”

Nilikuwa natafuna odowa, mwanangu. Kwa ile hofu hata sikujua.

Nikaenda. Sikufungua gunia. Kila aliyekuja nilimwambia: nimeona picha ya vitu kama sindano, mwenye picha hajajua ni nini, mimi nimeacha kula mpaka ajue. Mmoja alitema palepale. Mwingine akacheka, “Dani, nyanya yangu, alikula hizo sindano akazaa timu ya mpira!” Jirani yangu, aliyeuza odowa kama mimi, akanifokea: “Unatuharibia soko kwa picha ya kivuli?” Na kweli kilikuwa kivuli. Hadi leo sina hakika kama nilimtendea haki.

Tukangoja. Mtoto akicheza tumboni nilishukuru, akitulia nilitokwa na jasho.

Mwishowe Ouma akapiga simu. Alikuwa amerudi kwenye mtambo pamoja na mwalimu wake, wakapima na mawe mengine kutoka gunia langu. Safari hii walitazama jinsi miali inavyotawanyika ikishapita kwenye sindano. Hutoa nukta zilizopangika, na kila aina ya madini ina mpangilio wake. Zilikuwa udongo uliojikunja kama mkeka. Si zile nyuzi za kuogopwa.

Nililia. “Kwa hiyo ni salama?”

“Shem, sikusema hivyo. Nimesema sindano ni udongo. Madini ya risasi sijapima, mayai ya minyoo sijapima. Mambo ya damu kupungua, ulizia kliniki.”

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kutangaza nusu ya hofu ni kazi, lakini kutangaza nusu ya furaha ni kazi zaidi. Nilirudi sokoni nikasema hivyo hivyo. Jirani alisikia “ni udongo tu” akaanza kunadi kabla sijamaliza. Simlaumu, alikuwa na watoto wa kulisha. Mimi sikula tena.

Mtoto alizaliwa, akalia, akanyonya. Kwa nini zile mbili zilitoka, hakuna hadubini iliyoniambia, na nimeacha kuilazimisha.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema, kwa woga kidogo, kwamba hata mwenye macho huambiwa. Ukiona kipande, mwanangu, sema kipande. Usinyamaze kwa kuogopa kukosea, na usitangaze mlima kwa kuona punje. Neno “sijui” lisikuaibishe. Ouma alilitamka mbele ya mwanamke mwenye mimba, na lilikuwa neno la heshima. Na ukishajua, rudi kwa yule uliyemtia hofu, umwambie kwa kipimo kilekile.

Mungu akupe macho ya kuona kitu kidogo na kukiona vizuri, akupe na ulimi usioyatangulia macho yako. Na siku utakapongoja jibu kama nilivyongoja mimi, akuletee mtu mkweli.