Nilishusha picha yangu ya mahafali nikatundika mchoro usio na mtu wala ng'ombe

Wakuu, hamjambo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya msumari mmoja.

Sebuleni kwetu hapa Nengo, Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, huo ndio msumari unaoonwa na kila anayeingia. Mama aliutundikia picha yangu ya mahafali, nimevaa joho. Tulirudi huku kwetu kutoka Tanzania na mabegi tu, kwa hiyo kwake ile picha ndiyo shamba, ndiyo ng'ombe.

Na mimi nilitaka kuishusha.

Ilianzia kwenye umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka kufanya kazi. Tulikuwa tunazibua mtaro, mvua ikatukimbiza, tukajibanza kwa Chantal, jirani anayechora. Matope hadi magotini, nikajikuta mbele ya turubai kubwa la mchoro. Kijivu juu, mstari wa rangi ya chungwa chini. Basi.

Nikamuuliza ina maana gani.

"We unaona nini?"

Mama Furaha, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akadakia: "Mi naona blanketi ya bwana yangu. Hata pahali aliunguza na pasi iko!"

Tukacheka, Chantal kuliko wote. "Bon, iko blanketi!"

Mimi niliona Kivu mvua ikija kutoka upande wa Kongo. Kifua kikawa chepesi. Wakuu, mimi ni mtu wa kurudi kuangalia mlango ambao nimeshaufunga. Sikuwahi kutazama kitu bila kuogopa kukosa jibu.

Nikaanza kwenda pale kila nikipata nafasi, namsaidia kuwamba turubai. Siku moja akanipa mchoro mdogo, ndugu wa ule mkubwa.

Hapo stress ikaanza. Niufiche chumbani? Nikiuweka sebuleni, mama si atadhani naidharau degree aliyoihangaikia? Na kwaya yake inakuja kunywa chai Jumapili!

Jumapili, mama akiwa kanisani, nikashusha joho, nikapandisha mchoro.

Akaingia na wenzake. Akasimama.

"Mwanangu, msomi wangu yuko wapi?"

"Yupo, mama. Ameegemea kabati."

"Na huu moshi?"

Mwanakwaya mmoja akasema si moshi, ni volkano. Mwingine akaona shamba la viazi la kwao Mudende. Wakabishana hadi chai ikapoa, na mama ndiye aliyepaza sauti zaidi. Mnajua, picha yangu haikuwahi kubishaniwa. Watu walisema hongera, wakakaa.

Wageni walipoondoka nikasema nairudisha. Nikakuta pale kwenye kabati hakuna picha.

"Acha moshi wako hapo hapo," mama akasema. "Msomi nimempeleka chumbani kwangu. Ukutani hapa alikuwa wa wageni, sasa ni wangu."

Nilichojifunza: ukipenda kitu, kitundike kwanza. Maelezo yatakuja na wageni.

Haya, msumari wa sebuleni kwenu umebeba nini? Mwageni hapa chini. Wangu umebeba moshi, na usiku nalala.