Blanketi Lisilotaka Kubanwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Dirce Leme ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Hajapaka losheni, hajajipulizia manukato, na pete ya ndoa ameiacha nyumbani kwenye kisahani. Anavaa koti jeupe, kofia ya kufunika nywele, barakoa na glavu, kisha anapita kwenye kijichumba kinachompuliza upepo mwili mzima. Upande wa pili kuna cherehani moja, meza ndefu na robota la kitambaa kinachong'aa kama sinia jipya.

Kazi yake ni kushona. Anachoshona ni blanketi, na anayefunikwa ni setilaiti.

"Majirani wananiuliza, 'Sasa Dirce, huko juu kuna nani wa kusikia baridi?'" anasema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Nawaambia ni betri. Betri ni kama mzee wa miaka tisini. Akipigwa na baridi usiku, asubuhi mnaitana."

Anacheka, lakini leo kicheko hakifiki mbali. Hatua thelathini kutoka hapo, nyuma ya mlango mzito wa chuma wa ukumbi wa majaribio, setilaiti iko siku ya tisa ndani ya chumba cha ombwe, mahali ambapo hewa yote imefyonzwa na kuta zimepozwa hadi nyuzi joto 180 chini ya sifuri. Imevaa blanketi alilolishona yeye. Leo mchana ndipo baridi itafika kilele, na kila mtu anatazama kitu kimoja tu: kipasha joto cha betri. Kikiwaka bila kupumzika, blanketi limeshindwa.

Na likishindwa, uongozi umeshasema. Mablanketi ya setilaiti ijayo yatanunuliwa ng'ambo, na chumba cha kushonea kitafungwa.

"Kila mlango ule ukilia, moyo unaruka," anasema. "Nimeshakunywa kahawa nne na bado hata saa ya chai haijafika."

Kituo hiki cha majaribio ya anga, hapa São José dos Campos, kina watu wa kila aina. Jengo la jirani wanapuliza mabawa ya ndege kwa upepo wa kutisha, na wenyeji tumezoea mngurumo wake kama watu wa stesheni walivyozoea treni. Mainjinia utawakuta kila kona. Fundi cherehani ni mmoja tu.

Dirce, mwenye umri wa miaka 54, alizaliwa São Luiz do Paraitinga, mji wa milimani ambako mama yake, Benedita, bado anashona bendera nyekundu za sikukuu ya Roho Mtakatifu. Bendera hizo hubebwa nyumba kwa nyumba, na kila mwenye nadhiri hufunga utepe wake. Mshono ukiwa mlegevu, tepe za watu zinaanguka njiani, na hilo ni jambo la aibu.

"Mama alikuwa anachukua mshono wangu anauvuta kwa meno," anakumbuka. "Ukiachia, unafumua wote. Nina miaka tisa, nalia, nafumua."

Baadaye alishona kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda cha suruali za jinzi, mifuko 340 kwa siku. Kiwanda kilipofungwa, akaona tangazo la kituo likitafuta mshonaji makini. Alidhani ni sare za walinzi. Mshahara ulikuwa reais 2,900 kwa mwezi, karibu mara mbili ya ule wa kiwandani, na hakutaka kuuliza maswali mengi.

Siku ya kwanza alikabidhiwa utando mwembamba kuliko unywele. Blanketi moja lina tabaka ishirini za utando huo, na kati ya tabaka na tabaka hulazwa wavu mwepesi kama shela ya bibi harusi. Upande unaopigwa na jua angani huchomeka, ule wa kivulini huganda, na kazi ya tabaka hizo ni kuzuia joto lisihame. Ajabu ni kwamba kitu kizima hakifiki unene wa kidole.

Alishona kama alivyofunzwa. Mishono yake ilikuwa midogo, iliyonyooka, na imekazwa kisawasawa. Mainjinia walikuja kuipiga picha.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, blanketi lake la kwanza kubwa liliingia chumba cha ombwe. Siku ya tatu, kipasha joto cha betri kiliwaka na hakikuzima tena. Joto lilikuwa likivuja, na hakuna aliyejua linapitia wapi.

Vikao vikaanza. Walikagua gundi, wakakagua nyaya, hatimaye wakakubaliana kuwa utando wenyewe ni mbovu. Barua ya kumlalamikia muuzaji ikaandikwa. Hakuna aliyemnyooshea kidole mshonaji, kwa sababu mshono wake ndio uliokuwa mzuri kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Dirce aliomba alifumue blanketi mwenyewe. Ilimchukua siku mbili. Siku ya pili aliinua kipande kwenye taa, akaona kila palipopita sindano, tabaka zote ishirini zimelaliana kama mkate uliokaliwa. Zilikuwa zinagusana, na joto lilikuwa linapita hapo kama maji kwenye mfereji.

"Nilijua papo hapo," anasema. "Nikaenda chumba cha kubadilishia nguo na chakula changu, wali na maharage. Nikajiambia, Dirce, ukinyamaza nani atajua? Humu ndani anayejua uzi ni wewe peke yako."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila Dirce anakataa kusifiwa kwa hilo.

"Usiandike kwamba mimi mtakatifu," anamwonya mwandishi. "Niliona kitu kimoja tu. Nikinyamaza, watanunua utando mpya, watanipa mimi, nami nitashona vilevile."

Alasiri hiyo aliingia kikaoni, mbele ya watu saba, na kile kipande mkononi.

"Barua msiipeleke," aliwaambia. "Si kitambaa. Ni mkono wangu."

Otávio Kuroda, mkuu wa majaribio ya joto, anakumbuka alivyojisikia. "Mchoro ulionyesha mahali pa kushona, haukusema uzi uvutwe kiasi gani," anasema. "Na mchoro ule nilitia saini mimi, ambaye hata cherehani siwezi kuiwasha. Yeye ndiye aliyesimama. Niliona haya."

Uongozi ulitoa nafasi moja zaidi. Kilichofuata, Dirce anasema, kilikuwa kigumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwa sindano: kujifunza kushona vibaya. Akilegeza kupita kiasi, blanketi linaning'inia na kuacha mianya pembeni. Akikaza, joto linavuja. Na mkono wenye miaka arobaini na tano ya kukaza hausikii la mwadhini wala la padri.

Mama yake alipoona kipande cha mazoezi, alikigeuza mara mbili.

"Hii umeshona wewe?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Mama, ndivyo wanavyotaka."

"Basi nchi imekwisha. Serikali inalipa watu washone hivi."

Dawa aliipata kwenye ufundi wa zamani. Anayeshona kifungo cha koti zito huweka njiti ya kiberiti chini ya uzi, akimaliza anaichomoa, na uzi unabaki na nafasi. Njiti ya mbao hairuhusiwi chumba safi, kwa hiyo Dirce alitafuta sindano ya chuma ya kufumia sweta, akaichemsha, akaisafisha kwa spiriti, akaanza kuilaza chini ya kila mshono. Alishona vipande ishirini na tatu, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikapimwa kwenye chombo cha ombwe kisichozidi sufuria ya mgahawa. Kipande cha kumi na nne ndicho kilichomfanya Kuroda aombe kipimwe tena, maana matokeo yalikuwa mazuri mno hata akadhani kipimo kimeharibika.

Lakini kipande si blanketi. Ndiyo maana leo, saa nane na nusu mchana, mlango mzito unapofunguka, Dirce anasimama na sindano ingali mkononi.

Kuroda anatoka na karatasi. Hana haraka, na hilo linamkera Dirce.

"Sema basi, mwanangu. Usinitese."

"Kipasha joto kinawaka dakika kumi na moja kwa saa, mama Dirce. Tulikuwa tumeomba kisizidi ishirini."

"Na kona ya chini? Pale nilipopinda?"

"Na kona pia."

Machozi yanamjaa Dirce machoni, na hapo anakumbuka alipo. Chozi lina chumvi, na chumvi hairuhusiwi karibu na utando. Anaweka sindano mezani, anainua uso kutazama dari, anatembea hivyohivyo hadi nje ya chumba cha kushonea, anavua barakoa, kisha analia kwa raha zake. Kuroda anamfuata na fomu ya matokeo. Mahali pa jina la mtengenezaji pako wazi, na anampa kalamu.

Chumba hakitafungwa. Mwezi wa Agosti watakuja mafundi wawili wapya, wote wanawake waliopoteza kazi kwenye kiwanda kilekile cha jinzi. Dirce amebakiza miaka mitano astaafu, na anataka kuwaachia kazi hiyo. Kuroda amemshauri aandike mwongozo wawe wanausoma. Yeye ana mpango mwingine.

"Siku ya kwanza sitawafundisha kitu," anasema akifuta pua. "Nitawaambia washone vizuri kadiri ya uwezo wao wote. Halafu tutaweka kazi yao kwenye ombwe, tukae pamoja tutazame joto likitoroka. Nikiwaeleza kwa mdomo hawatasadiki. Hata mimi nisingesadiki."