Barua Iliyorudi

Kila Ijumaa, akishafunga kibanda, fundi saa alimwandikia marehemu mkewe barua pepe, kumpasha habari za saa zilizomshinda. Aliituma kwenye anwani ya mkewe katika tovuti ya kibanda, tovuti ambayo mkewe aliifungua mwenyewe. Jibu hakulitarajia, ilimtosha kwamba barua zinakwenda.

Ijumaa moja ikarudi: anwani haipo. Akamwendea bintiye.

“Baba, jina la tovuti limekwisha muda wake. Wasajili wa majina walileta vikumbusho mara nne.”

“Walimletea nani?”

“Mama. Si ndiye aliyeliandikisha? Miaka miwili unaandika humo, hujafungua hata siku moja?”

“Barua za mtu, mwanangu, nazifunguaje?”

Binti akacheka. Alimweleza kwamba siku za kulikomboa zimepita. Jina litafutwa baada ya siku tano, na baada ya hapo ni la atakayewahi. Mzee akakaa siku tano roho juu, asije akalitwaa muuza viatu fulani.

Siku ya sita binti akaliwahi, akafungua sanduku jipya la barua, tupu kabisa. Mzee akaandika mistari miwili, akatuma, akakaa akikitazama kioo cha simu.

Haikurudi.